Mizani ya Hulka

Mwanadamu amependa tangu zamani kujua yeye ni nani, na zaidi ya hapo amependa kujua mwenzake ni nani. Haja hiyo haina aibu. Mwalimu hutaka kumjua mwanafunzi wake ili amfundishe vyema. Mwajiri hutaka kumjua mfanyakazi ili ampe kazi imfaayo. Na kijana aliye karibu kumaliza masomo hutaka kujijua ili asipoteze miaka yake katika kazi ambayo moyo wake hauitaki. Kila zama zimeleta mizani yake ya kupima hulka. Katika zama zetu mizani ijulikanayo sana ni ile iitwayo kipimo cha Myers-Briggs, ambacho humwuliza mtu maswali kadha, kisha humpa herufi nne na kumwambia kuwa hizo ndizo aina yake. Insha hii yakusudia kuipima mizani yenyewe: imetengenezwaje, yapima nini, na yafaa kuaminiwa mpaka wapi. Jambo hili lataka uangalifu, kwa kuwa mizani mbovu ya sukari hupunja nusu kilo, lakini mizani mbovu ya watu huweza kupunja maisha mazima.

Mizani za kale zilikuwa nyingi. Matabibu wa Wayunani, na baada yao Galen wa karne ya 2, walifundisha kuwa mwili una majimaji manne, yaani damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba kuzidi au kupungua kwake hubadili afya na tabia ya mtu. Elimu hiyo ilipokelewa na matabibu wa nchi za Kiislamu, miongoni mwao Ibn Sina, ikasafiri mbali. Katika mwambao wetu wako walimu wa falaki waliohesabu herufi za jina la mtu na za jina la mama yake ili kuitafuta nyota yake, na wako wapiga ramli waliosoma maumbo ya nukta mchangani. Maumbo ya ramli ni 16. Msomaji aikumbuke hesabu hiyo, maana tutakutana nayo tena.

Kipimo cha Myers-Briggs kilianzia katika kitabu. Mwaka 1921 tabibu wa nafsi wa Uswisi, Carl Gustav Jung, alitoa kitabu juu ya aina za nafsi za watu. Alieleza kuwa wako watu ambao nguvu za nafsi zao huelekea nje, kwa watu na vitu, na wako ambao nguvu hizo huelekea ndani, kwa fikira zao wenyewe. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1923, kikafika mikononi mwa mama mmoja wa Marekani, Katharine Cook Briggs, ambaye alikuwa akichunguza tabia za watu kwa njia zake mwenyewe. Binti yake, Isabel Briggs Myers, ndiye aliyeyageuza mawazo hayo kuwa maswali. Alianza kazi hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wamarekani wengi, na wanawake wengi miongoni mwao, walipokuwa wakiingia katika kazi ambazo hawakupata kuzifanya. Alitumaini kuwa mtu akiijua hulka yake ataitambua kazi imfaayo, na kwamba watu wakizijua tofauti zao watapunguza ugomvi. Mwaka 1962 kipimo kilichapishwa na shirika la Educational Testing Service kwa ajili ya utafiti. Mwaka 1975 kikahamia kwa mchapishaji mwingine, na tangu hapo kikaenea maofisini na vyuoni katika nchi nyingi.

Mama na binti hawakuwa wanasaikolojia kwa masomo ya chuo. Isabel alisomea elimu ya siasa katika chuo cha Swarthmore, na kabla ya kutunga maswali yake alikuwa ametunga riwaya ya upelelezi. Wako wanaokidharau kipimo kwa sababu hiyo. Dharau hiyo si hoja. Daraja halianguki kwa kuwa mjenzi hakwenda chuo. Huanguka kwa kuwa nguzo zake ni dhaifu. Basi na tuzitazame nguzo.

Nguzo ni nne. Ya kwanza huuliza: je, wapata nguvu katika mkutano wa watu au katika upweke? Wa mkutano hupewa herufi E, na wa upweke herufi I. Ya pili huuliza: je, waamini zaidi mambo yaonekanayo na kushikika, au maana iliyofichika nyuma yake? Hapo mtu hupewa S au N. Ya tatu huuliza: je, uamuapo jambo hutanguliza hoja au hutanguliza nyoyo za watu? Jibu ni T au F. Ya nne huuliza: je, wapenda mambo yakatwe na kupangwa mapema, au yaachwe wazi mpaka mwisho? Jibu ni J au P. Mbili mara mbili, mara mbili, mara mbili ni 16. Basi watu wote wa dunia hugawanywa katika aina 16, na kila aina ina maelezo yake.

Hapa ndipo tunapokutana tena na ramli. Mpiga ramli hupiga mistari minne ya nukta bila kuzihesabu, kisha huziondoa mbili mbili mpaka kila mstari ubakiwe na nukta moja au mbili. Ni mistari minne, na kila mmoja una hali mbili: hesabu ni ile ile, nayo huzaa 16 ile ile. Sisemi kuwa kipimo kilitoka katika ramli, hakikutoka huko. Wala si haki kusema kuwa ni kitu kimoja, kwa maana ramli huokota nukta za bahati, na kipimo huokota majibu ya mtu mwenyewe. Lakini mfano huu watuonya jambo moja, kwamba uzuri wa mpango si ushahidi wa ukweli wake. Hali mbili zikirudiwa mara nne zitazaa 16 daima, ziwe za mchanga au za maswali.

Mkosoaji wa haki hutaja wema kabla ya kasoro, na wema wa kipimo hiki si mdogo. Kwanza, hakimtukani mtu. Katika aina zote 16 hakuna hata moja iliyoitwa mbaya. Isabel Briggs Myers alipoandika kitabu chake, kilichotolewa mwaka 1980, alikiita Gifts Differing, jina alilolichukua katika mlango wa 12 wa Waraka wa Paulo kwa Warumi, panaposemwa juu ya karama mbalimbali za watu. Pili, kipimo huwapa watu maneno ya kuzungumzia tofauti zao bila kugombana. Katika ofisi nyingi yuko mfanyakazi anyamazaye mkutanoni, na wenzake humdhania kuwa ana kiburi. Yuko na mwingine asemaye kila aliwazalo, naye hudhaniwa kuwa ni mwepesi wa akili. Huenda wa kwanza ataka kufikiri kabla ya kusema, na wa pili hufikiri kwa kusema. Wakilijua hilo, wa pili atampelekea mwenzake habari ya mkutano siku moja kabla, na wa kwanza hatayachukua maneno ya mwenzake kuwa ni maamuzi yaliyokwisha. Wazee walisema kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kipimo kilichowafundisha watu methali hiyo kwa njia nyingine hakikufanya kazi bure.

Sasa tuziangalie kasoro. Ya kwanza ni kukikata kitu kisichokatika. Tujaalie mwalimu awapange wanafunzi kwa kimo, aweke alama kwenye sentimita 170, na kusema kuwa waliozidi hapo ni warefu na waliopungua ni wafupi. Mwenye sentimita 171 na mwenye 169, wanaovaliana mashati, watawekwa katika makundi mawili. Na mwenye 171 na mwenye 195 watawekwa katika kundi moja. Hesabu haikukosea, lakini kundi limesema uongo. Ndivyo ilivyo hulka. Watu wengi si wa mkutano tu wala si wa upweke tu. Wako kati, wengine wakielekea huku kidogo na wengine kule. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani Robert McCrae na Paul Costa walikichunguza kipimo hiki, wala hawakuona ushahidi kuwa kinawagawanya watu katika aina zilizotengana. Jung mwenyewe hakuamini kuwa yuko mtu aliye wa nje mtupu au wa ndani mtupu.

Kasoro ya pili yazaliwa na ya kwanza. Mtu aliye karibu na alama ya katikati huivuka kwa jambo dogo: leo amelala vizuri, kesho ana huzuni, na herufi yake imebadilika. Mwaka 1993 mwanasaikolojia David Pittenger alipoupitia ushahidi uliokuwapo, alieleza kuwa hata majuma matano tu yakipita kati ya kupimwa na kupimwa tena, wapatao nusu ya watu huweza kuangukia aina nyingine. Hesabu yake si ngumu kuelewa. Tujaalie kuwa kila herufi, ikisimama peke yake, hudumu kwa watu 85 katika kila 100. Hicho si kiasi kibaya. Lakini watu 100 wakipita mlango wa herufi ya kwanza watabaki 85 wasiobadilika; wakipita wa pili watabaki kama 72; wakipita wa tatu, kama 61; na wakipita wa nne watabaki kama 52 tu. Herufi nne zilizo imara kiasi, zikifungwa pamoja, hufanya mzigo usio imara. Mtu aliyechagua kazi kwa aina yake ya Januari afanyeje ikiwa aina yake ya Machi ni nyingine?

Kasoro ya tatu haimo katika maswali, imo katika masikio yetu. Watu wengi husema, "Nimesoma maelezo ya aina yangu, nami nimejiona mle kama katika kioo." Wao hufanya kukubali kwao kuwa ushahidi. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani Bertram Forer aliwapima wanafunzi wake 39, kisha akampa kila mmoja karatasi aliyosema kuwa ni maelezo ya tabia yake peke yake. Aliwataka waipe alama, 5 ikiwa ni ya juu kabisa. Wastani wa alama walizotoa ulikuwa 4.26. Ndipo akawafunulia kuwa karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, na kwamba mengi ya maneno hayo aliyaokota katika kitabu cha unajimu. Jaribio hilo halithibitishi kuwa kipimo cha Myers-Briggs ni cha uongo, kwa kuwa kipimo hakiwapi watu wote maneno mamoja. Lathibitisha jambo jingine: mtu kujiona katika maneno si dalili ya kuwa maneno hayo ni yake. Ambiwa kuwa una vipawa ambavyo bado hukuvitumia, au kwamba kwa nje wajikaza na kwa ndani wahofu. Ni nani atakayekataa? Sifa huingia moyoni bila kubisha hodi.

Kasoro ya nne ni kumpima mtu kana kwamba mahali hapana nguvu. Mtoto mkimya darasani huwa msemaji jikoni kwa nyanya yake. Karani mpole ofisini huwa mkali uwanjani. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Walter Mischel alitoa kitabu kilichozusha mjadala mkubwa, akidai kuwa matendo ya mtu hutegemea sana hali aliyomo, kuliko wapimaji wa hulka walivyokuwa wakidhani. Methali zetu zilikwisha kulitambua jambo hilo. Wazee wametufundisha kuwa haraka haraka haina baraka, na wazee wale wale wametufundisha kuwa ngoja ngoja yaumiza matumbo. Hawakusema kuwa methali ya kwanza ni ya watu wa aina fulani na ya pili ni ya aina nyingine. Waliziweka zote mbili katika kinywa cha mtu mmoja, wakamwachia akili ya kujua ni lini aitumie hii na ni lini aitumie ile. Kipimo humtaka mtu achague moja ya mbili. Maisha humtaka azijue zote mbili.

Basi tutazame habari ya kazi, maana hapo ndipo kasoro huwa dhuluma. Mwaka 1991 baraza la Marekani liitwalo National Research Council lilitoa ripoti iliyosema kuwa utafiti mzuri haukuwa wa kutosha kuhalalisha matumizi ya kipimo hiki katika kuwaongoza watu kuchagua kazi. Wachapishaji wake wenyewe huonya kuwa hakikuwekwa kwa ajili ya kuamua nani aajiriwe na nani akataliwe. Onyo hilo lina sababu. Kipimo huuliza mtu apenda nini. Hakiulizi aweza nini. Mtu aweza kupenda upweke na akawa mwalimu hodari, na mwingine apende mkutano na darasa likamshinda. Tena, majibu hutoka kinywani mwa mwenye haja. Mwombaji wa kazi ajuaye kuwa mwajiri ataka watu wachangamfu atajibu kwa uchangamfu, na mizani itapima njaa yake badala ya hulka yake.

Iko na hatari nyingine, ya upande wa mfanyakazi mwenyewe. Aliyepewa herufi zake huweza kuzigeuza kuwa ngao. Akichelewesha kazi, husema, "Mimi si mtu wa kupanga mambo, ndiyo aina yangu." Akimwumiza mwenzake kwa maneno makali, husema, "Mimi hutanguliza hoja, sijui kubembeleza." Kipimo kilichokusudiwa kumsaidia akue kimempa ruhusa ya kudumaa. Naye mkubwa wa kazi huweza kuzigeuza kuwa ukuta: "Huyu si wa aina ya viongozi," na jambo limekwisha, mtu hakujaribiwa. Ngao na ukuta vimejengwa kwa matofali yale yale.

Msomaji aweza kuuliza kama iko mizani bora. Wanasaikolojia wengi wa leo huegemea mpango wa sifa tano: uwazi wa kupokea mawazo mapya, bidii na uangalifu, uchangamfu, upole kwa watu, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Mpango huo haumtii mtu sandukuni. Humweka mahali fulani katika kila mstari, kama kimo kipimwavyo kwa sentimita. Utafiti uliokusanywa na Murray Barrick na Michael Mount mwaka 1991 ulionyesha kuwa bidii na uangalifu huambatana na utendaji mzuri katika makundi yote ya kazi waliyoyatazama, ingawa uhusiano wenyewe ni wa wastani tu, si amri. Hata hivyo, mizani hiyo nayo ilitengenezwa zaidi kwa watu wa miji na shule za nchi tajiri. Mwaka 2013 watafiti walitoa matokeo ya kuwapima Watsimane wa Bolivia, watu wa kilimo na uwindaji, na zile sifa tano hazikujitokeza kama zilivyotazamiwa. Chombo kilichosanifiwa katika nchi moja hakistahili kuaminiwa katika nchi nyingine kabla ya kujaribiwa huko, nasi wa Afrika ya Mashariki tuna haki ya kuuliza kimejaribiwa kwa nani.

Kwa vijana wa Kenya jambo hili si la mbali. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walioanza masomo Januari 2026 walitakiwa kuchagua moja ya njia tatu: sayansi pamoja na teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kijana wa miaka 15 akiwa mbele ya uchaguzi wa namna hiyo hutamani mtu wa kumwambia yeye ni nani. Viigizo vya kipimo cha Myers-Briggs vimo katika intaneti, na kwa dakika chache simu itampa jibu. Msichana mnyamavu aweza kuambiwa na herufi zake kuwa kazi ya uwakili haimfai, akaacha kuitamani kabla ya kusimama hata mara moja katika mdahalo wa shule. Hapo hakuna aliyemkataza. Amejikataza mwenyewe kwa kalamu ya mtu asiyemjua.

Simwambii msomaji avitupe vipimo hivi. Mwenye kupenda na apimwe, lakini asome jibu kama asomavyo barua ya mtu aliyemwona mara moja tu: huenda ina kweli, wala haina yote. Auulize ukubwa wa jibu, si jina lake tu. Kama ni wa upweke, ni kwa kiasi gani, na ni mahali gani? Ayapeleke maelezo kwa watu waliomwona akifanya kazi, mzazi, mwalimu, au rafiki asiyemwogopa, awaulize ni lipi la kweli na ni lipi la kujipendekeza. Kisha aijaribu kazi yenyewe kabla ya kuikataa: msichana yule na aingie katika mdahalo mara tano, ndipo aseme kama sauti yake yatosha au haitoshi. Na mwajiri atakaye kujua kama mtu aweza kazi na ampe kipande cha kazi hiyo akitende mbele yake. Huko majibu hayapakwi rangi kwa urahisi, na aliyekosea leo aweza kufundishwa akapatia kesho. Herufi nne haziwezi kumwona mtu anayejifunza, kwa kuwa ziliandikwa kabla hajajifunza.